Siku Kompyuta Ilipopanga Foleni

Wasikilizaji wangu, kabla sijafika mbali niseme jambo moja lieleweke: silalamiki. Mimi Hiza, mtangazaji wa mpira wa kikapu katika Redio ya Taifa kwa miaka ishirini na tisa, sijawahi kulalamika, na nchi yetu, ambayo jina lake nimeshauriwa nisilitaje, haina watu wanaolalamika. Waliokuwepo wamepumzishwa. Haya ninayosimulia nayasimulia kwa furaha kabisa, na kama sauti yangu inatetemeka, basi ni mafua.

Nchi yetu inapenda mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo kuliko inavyopenda chakula. Sababu moja ni kwamba mpira unapatikana. Tuna vyuo kumi na vinne, kila Jumamosi vinacheza, na kila Jumatatu saa nne asubuhi unatangazwa msimamo: chuo gani ni cha kwanza, kipi cha pili, mpaka cha kumi na nne. Sasa msije mkadhani kwamba msimamo unatokana na kushinda. Kushinda ni mambo ya Jumamosi. Msimamo unatolewa na watu saba walioteuliwa kwa sababu wana macho, wanaitwa Jopo la Macho, na mimi nilikuwa mmoja wao. Bado ni mmoja wao. Nitafika huko.

Tulikuwa tunapiga kura kwa kupanga foleni. Zamani tuliandika kwenye karatasi, lakini Serikali ikagundua kwamba karatasi inakunjwa, na kitu kinachokunjwa kina jambo ndani yake. Kwa hiyo picha kubwa za manahodha wa timu zikatundikwa ukutani katika ukumbi wa Wizara. Kipyenga kikilia, kila mjumbe anatoka mlangoni, anavuka ukumbi, anasimama mbele ya picha ya nahodha ambaye timu yake anaiona bora. Waziri wa Michezo, Nidhamu na Takwimu, Mheshimiwa Balozi Dakta Kapteni Mstaafu Gwandumi, anakaa kwenye kiti cha juu na glasi yake ya juisi ya ukwaju. Sisi tunatazama picha, yeye anatazama visogo vyetu. Utaratibu mzuri sana.

Msimu huo Chuo cha Uongozi wa Taifa kilikuwa cha kwanza kwa wiki kumi na moja mfululizo. Nahodha wake alikuwa binti wa dada yake Mlezi wa Taifa, na kilikuwa kimeshinda mechi nne kati ya ishirini na mbili. Chuo cha Ualimu Ndarasha kilikuwa kimeshinda zote ishirini na mbili, kikawa cha tisa. Wasichana wa Ndarasha walifanyia mazoezi kwenye saruji iliyopasuka na mpira wanaoujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Walipokutana na Uongozi waliwafunga themanini na moja kwa thelathini na nne. Mimi ndiye niliyetangaza. Nilisema redioni, bila kumeza mate: "Wasikilizaji, Uongozi wamewaachia wageni wao pointi arobaini na saba kwa ukarimu mkubwa." Nilipandishwa cheo.

Katika wajumbe saba, mmoja tu ndiye aliyeujua mchezo kwa miguu yake. Huyo ni Bi. Namsifu, ambaye nchi nzima inamwita Kocha. Miaka ishirini na sita iliyopita, fainali, zimebaki sekunde nne, aliangukia goti la kushoto kwenye saruji ya Ndarasha, likalia mlio ambao watu wa jukwaani waliusikia. Alikataa kutolewa. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akatupa mitupo huru miwili, yote ikaingia, ndipo akazimia. Habari hiyo nimeisimulia redioni kila mwaka na kila mwaka nalia. Tangu siku hiyo goti halikunji sawasawa. Kutoka mlangoni hadi ukutani sisi tulitumia sekunde kumi, yeye alitumia arobaini, na kwa wiki kumi na moja hakuna aliyejali, maana alikuwa anafika, na alikuwa anafika Uongozi kama sisi wengine.

Ndipo ikaja kompyuta.

Ilikuwa zawadi kutoka nchi rafiki, nayo jina lake nimeshauriwa nisilitaje. Waziri aliipokea uwanja wa ndege kwa zulia jekundu na matarumbeta. "Mashine hii," alisema, "haina kabila, haina tumbo, haina shangazi. Itathibitisha kisayansi yale ambayo macho yetu yamekwisha kuyaona." Tukapiga makofi. Kompyuta ikaapishwa. Kwa kuwa sheria inasema kila mpigakura apange foleni, ikawekwa kwenye toroli pamoja na printa yake, ikaunganishwa waya mrefu wa umeme, na Mwalimu Salima wa hisabati akapewa kazi ya kuilisha matokeo na kuisukuma.

Jumatatu ikafika. Kipyenga kikalia. Sisi sita tukaenda Uongozi mbiombio. Printa ikakoroma, Mwalimu Salima akasoma karatasi, akaisoma tena, akaanza kusukuma. Lile toroli lilikuwa na gurudumu moja bovu, kwii, kwii, kwii, likatupita sisi, likapita picha ya pili, ya tatu, likaenda kusimama mbele ya picha ya Sikudhani, nahodha wa Ndarasha, msichana mrefu mwenye mwanya.

Kocha Namsifu alikuwa bado katikati ya ukumbi na goti lake. Akasimama. Akatazama foleni yetu, akatazama toroli.

"Aa!" alisema. "Leo nimepata mwenzangu."

Akageuka, akachechemea mpaka Ndarasha, akasimama nyuma ya kompyuta.

Jamani, sijawahi kuona juisi ya ukwaju ikiwekwa mezani polepole namna ile.

"Mwalimu," Waziri alisema kwa upole, "mashine hii imetumwa na nani?"

"Haijatumwa, Mheshimiwa. Inahesabu tu."

"Inahesabu nini?"

"Inachopewa, Mheshimiwa."

"Na umeipa nini?"

"Matokeo ya mechi."

Uso wa Waziri ukakunjuka kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. "Kumbe!" akasema. "Kumbe fitina yote inaletwa na mechi!"

Kesho yake nilisoma tangazo mimi mwenyewe, kwenye taarifa ya saa mbili. Ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo imefutiwa mechi zake ili kulinda msimamo. Msimamo utaendelea kutolewa kila Jumatatu kama kawaida. Mipira yote ikabidhiwe kituo cha polisi kilicho karibu.

Kidogo nicheke. Sikucheka.

Mwalimu Salima, kwa kuwa ni mtu wa hisabati na hajui kukaa kimya pale panapotakiwa, alimwambia Waziri kwamba bila mechi mashine haina cha kuhesabu. Tulikuwa wote ukumbini. Waziri alituangalia mmoja mmoja, toka kushoto kwenda kulia, polepole.

"Hawa hapa saba," alisema. "Ihesabu hawa."

Akaeleza, na lazima nikiri alieleza vizuri. Mtu anayependa kitu hukikimbilia. Anayesita ana jambo. Kwa hiyo kuanzia sasa kompyuta haitapanga foleni, itakaa mezani pembeni yake. Mwalimu Salima atashika saa ya michezo, atapima sekunde za kila mjumbe toka mlangoni hadi ukutani, mashine itapanga nani wa kwanza kwa uaminifu na nani wa mwisho. Wiki ya kwanza ni majaribio. Wiki ya pili wa mwisho atakwenda benchi.

"Benchi, Mheshimiwa?" aliuliza Kocha.

"Wewe ni mtu wa michezo, unaelewa. Mchezaji aliyechoka anapumzishwa."

"Naelewa. Mimi wachezaji wangu nilikuwa nawarudisha uwanjani. Huyo anarudi lini?"

"Mchezo ukiruhusu," alisema Waziri, akanywa juisi.

Nje, chini ya dirisha, gari jeupe lisilo na namba lilikuwa limekwisha kuegeshwa. Dereva alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa cha njano, hana haraka.

Majaribio yakafanyika. Safari hii Kocha hakugeukia popote. Alikwenda Uongozi kama sisi, tena alijikaza mpaka midomo ikawa myeupe. Printa ikatoa karatasi. Wa kwanza alikuwa shemeji yake Waziri, sekunde saba. Mimi wa nne, sekunde kumi. Mzee Chambuso, refa mstaafu mwenye miaka sabini na moja, wa sita, sekunde kumi na tisa. Namsifu wa saba, sekunde arobaini na moja.

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu Salima, "Kocha ana goti bovu. Mashine haijui habari ya goti."

"Goti hilo limeandikwa wapi?"

Halikuandikwa popote. Kocha akaelekezwa akachukue Fomu ya Magoti, ambayo hutolewa ghorofa ya sita, na lifti ya Wizara ilikwisha kufa mwaka ule walipobadilisha wimbo wa taifa. Alipanda ngazi. Nilimwona. Alikuwa anapanda moja, anapumzika, anapanda moja. Alipofika ghorofa ya tatu ikawa saa sita, na Ofisi ya Magoti hufungwa saa sita. Akarudi siku ya pili na ya tatu. Siku ya tatu alifika ghorofa ya tano.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kueleweka. Mimi si mtu mbaya. Nilikwenda kwa Mwalimu Salima nikamwuliza kwa sauti ya chini: "Watu wawili wakifika sekunde moja, wa mwisho wote, mashine inasemaje?"

Aliwaza. "Inasema wamefungana. Haitaji wa mwisho."

"Na sheria?"

"Sheria inataka jina moja. Bila jina moja gari haliruhusiwi kuondoka, kuna sehemu moja tu kwenye ile karatasi ya dereva." Akanishika mkono. "Hiza, unafikiria nini?"

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa Kocha. Niliwakuta wasichana wa Ndarasha, anaowafundisha, uani kwake, wote, na Sikudhani mbele yao, wanafanya mazoezi bila mpira. Wanapasiana hewa. Wanadunda hewa. Mwanzoni nilidhani wamerukwa na akili. Kocha alikaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya ndoo, na mmoja alipokosea alimkemea: "Umeupoteza huo! Umeupoteza! Uko nyuma yako!" Na yule msichana, wallahi, akageuka akaufuata. Goti la Kocha lilikuwa limefungwa bendeji mpya waliyomletea, nyeupe, imeandikwa majina yao kwa kalamu.

Tukanywa chai ya tangawizi. Nikamwambia.

"Dada, Jumatatu sitakimbia. Tutatembea wote wawili, bega kwa bega, tufike sekunde moja. Mashine haitakuwa na wa mwisho."

Alishusha mguu kutoka kwenye ndoo. "Mdogo wangu Hiza, wewe ni mtu wa redio. Maneno yako huwa yanafika kabla yako."

"Naapa."

"Usiape. Njoo tu." Akageuza kikombe mkononi. "Tutakwenda Uongozi, mimi sina neno. Nitasimama popote watakapo. Nataka kubaki hapa na hawa watoto, basi. Naogopa, Hiza. Sijawahi kuogopa uwanjani hata siku moja, lakini lile gari naliogopa."

"Hata mimi."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia usiape."

Niliondoka pale najiona mtu. Njiani nilitembea polepole, kwa makusudi, kama mazoezi. Nilihesabu sekunde arobaini na moja kwa sauti, nikaona si nyingi.

Jumatatu tulisimama mlangoni, wote saba. Alinishika mkono wa shati, hapa, penye kifungo. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Waziri yuko juu, kompyuta iko pembeni, Mwalimu Salima ameshika saa na ananitazama mimi tu. Kupitia dirishani nilimwona dereva. Alikuwa amemaliza kufuta kioo, anakunja kitambaa.

Kipyenga kikalia, na mimi nikasema miguu niponye.

Sikuamua. Naomba hilo liandikwe. Akili yangu ilikuwa bado mlangoni pamoja naye wakati kifua changu kinagonga ukuta. Sekunde sita. Nilimpita shemeji yake Waziri kwa mkono mzima. Kifungo cha mkono wa shati langu hakikuwepo, kilibaki kwake.

Nilipogeuka alikuwa katikati ya ukumbi, palepale aliposimama siku ile ya toroli. Hakukasirika. Alinitazama kama kocha anavyomtazama mchezaji anayekimbia peke yake kuelekea kikapuni na hajui kwamba mikononi hana kitu.

"Umekimbia vizuri, Hiza," alisema, na ukumbi mzima ulisikia. "Mpira umeuacha huku."

Kisha akageuka. Akaenda taratibu, tena safari hii hakujikaza wala hakuharakisha, mpaka kwenye picha ya Sikudhani, akasimama pale peke yake, amenyooka. Mwalimu Salima alichelewa sana kubonyeza saa. Aliibonyeza hata hivyo.

Waliokuja kumchukua walitaka kumshika mkono kwenye ngazi. Akakataa. Nilisikia mguu wake ukishuka, ngazi moja, kimya, ngazi moja, kimya, halafu mlango wa gari.

Mchana huo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya nchi yetu. Waziri aliagiza picha yangu itundikwe, wajumbe wapige kura kumchagua mwananchi mwaminifu kuliko wote, na wote wakaja mbio wakasimama mbele yake. Kompyuta ilikwisha kuniandika wa kwanza. Macho yakaniona wa kwanza. Ule ugomvi wote, nani anajua zaidi, watu au mashine, ukaisha siku moja. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa: MACHO NA MASHINE VYAKUBALIANA. Nilivishwa nishani, nikasoma habari yangu mwenyewe kwenye taarifa ya saa mbili, na sauti yangu haikukwama hata mara moja. Nimesomea.

Mwaka huu ile habari ya mitupo huru miwili sikuisimulia.

Mnajua, miaka ishirini na tisa nasoma misimamo redioni, na halikunijia kichwani jambo dogo kama hili: orodha ikiwa na wa kwanza ina wa mwisho pia. Nilidhani gari lilikuja kwa ajili ya goti. Jumatatu iliyofuata lilikuwa palepale chini ya dirisha, na tulikuwa sita. Akaenda mhariri wa gazeti la asubuhi, aliyetumia sekunde tisa, mbio ambazo wiki ya majaribio zingempa nafasi ya tatu. Tukawa watano. Akaenda mhariri wa gazeti la jioni. Jumatatu ya tatu akaenda shemeji yake Waziri, alikanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe, na Waziri alilia machozi ya kweli huku anatia saini. Jumatatu ya nne akaenda mwenyekiti wa wauza viatu vya michezo, ndani ya viatu vipya.

Wanaoondoka hawajazibiwa nafasi zao. Waziri anasema wapigakura wakiwa wachache maelewano yanakuwa mengi.

Sasa tumebaki wawili, mimi na Mzee Chambuso. Yule mzee amenishangaza. Ameacha sukari, ameacha tumbaku, kila alfajiri anazunguka uwanja wa Ndarasha na kaptula yake ya urefa. Wiki iliyopita alitumia sekunde saba. Mimi pia saba, na sehemu kidogo. Goti langu la kushoto limeanza kuuma nikipanda ngazi. Sijamwambia mtu, wala sitakwenda kuomba fomu.

Jana, Jumamosi, Chambuso alikuja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Hiza, mwanangu," alisema, "Jumatatu tusikimbie. Tutembee, mimi na wewe, bega kwa bega. Tufike sekunde moja, mashine isiwe na wa mwisho."

Nilimtazama usoni, naye akanitazama. Alikuwepo siku ile. Aliona yote.

"Naapa," nikasema.

"Naapa," akasema naye.

Tukashikana mikono, na mikono yetu yote miwili ilikuwa baridi. Alipoondoka nilichungulia dirishani. Alitembea polepole mpaka kwenye kona, na alipodhani simwoni akaanza kukimbia.

Nitamshinda. Nimelala chali mchana kutwa nimeliwekea goti maji ya moto, na nina hakika nitamshinda. Ila leo asubuhi nilimpitia Mwalimu Salima Wizarani, kwa kuwa siku hizi analala humohumo na mashine yake, nikamwuliza swali la mwisho. Mtu akibaki mmoja, mashine itasemaje?

Aliandika jina langu peke yake, akabonyeza. Printa ikakoroma, karatasi ikatoka, akanipa bila kuniangalia. Ninayo hapa mfukoni. Kwenye mstari wa kwanza imeandikwa: Wa Kwanza, Hiza. Kwenye mstari wa pili, kwa wino uleule, imeandikwa: Wa Mwisho, Hiza.